ABS kwenye gari jipya: ulipie au uache, kwa anayeendesha Mbeya, Iringa na Njombe

Pikapu mbili ziko kwenye proforma moja, ile karatasi ya bei anayokupa muuzaji. Injini ni ile ile, bodi ile ile, hata rangi ile ile. Ya kwanza haina ABS, yaani mfumo unaozuia matairi yasijifunge unapokanyaga breki. Ya pili inayo, na bei yake imepanda. Muuzaji akiulizwa tofauti ni nini, mara nyingi atajibu kwamba hiyo ya pili "breki zake kali zaidi, bosi." Mnunuzi aliyetoka Makambako au Tukuyu, ambaye sehemu ya fedha ni mkopo, anaitazama ile tofauti ya bei, anakumbuka ameendesha miaka mingi bila kitu hicho na yupo salama, anachukua ya kwanza.

Jibu la muuzaji si sahihi, na ndiyo maana mnunuzi anaamua gizani. ABS haifanyi breki kuwa kali. Gari lisilo na ABS linaweza kuwa na diski kubwa na pedi nzuri kuliko lenye nayo. Kazi ya ABS ni nyingine kabisa, na mtu akishaielewa ataona kwamba kwa anayeishi kwenye miteremko na mvua za huku kusini jibu linapatikana, ingawa linategemea kidogo barabara anazopita.

Tuanze na tairi. Tairi linaloviringika hushika barabara. Ukikanyaga breki kwa nguvu inayozidi mshiko uliopo kati ya raba na lami, tairi linaacha kuviringika. Linajifunga, gari linaendelea kwenda, na raba inaburuzwa. Hapo mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja. La kwanza, kwenye lami yenye maji, raba inayoburuzwa hushika kidogo kuliko raba ambayo bado inazunguka kwa kubanwa. La pili ndilo kubwa: tairi la mbele lililojifunga halisikilizi usukani. Unaweza kuukunja mpaka mwisho, gari litaendelea kule kule lilikokuwa linaelekea. Aliyewahi kushuka njia ya udongo Rungwe baada ya mvua anaijua hali hiyo: mguu ukishaanza kuteleza huuelekezi tena, unangoja tu usimame.

ABS imetengenezwa kulizuia tairi lisifike hapo. Kila gurudumu lina sensa ndogo iliyokaa karibu na ringi inayozunguka pamoja nalo, na sensa hiyo inaiambia kompyuta gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Kompyuta ikiona gurudumu moja limepungua kasi ghafla kuliko gari lenyewe linavyoweza kupungua, inajua linakaribia kujifunga. Inafungua vali kwenye pampu ya ABS, presha ya breki kwenye gurudumu lile inashuka, gurudumu linazunguka tena, presha inarudishwa. Mzunguko huo unajirudia mara nyingi kwa sekunde, na kwa gurudumu linalohusika tu. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kufanya hivyo, kwa sababu mguu una pedali moja na magurudumu ni manne.

Kwa hiyo ukilipia ABS unanunua usukani. Unanunua uwezo wa kukwepa huku umekanyaga breki mpaka chini. Kufupisha umbali wa kusimama kunakuja kama nyongeza kwenye lami yenye maji, na kuna mahali ambapo nyongeza hiyo inageuka kuwa hasara. Hapo nitafika.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye ndege, ambazo matairi yake yakijifunga wakati wa kutua hupasuka. Kwa magari, mfumo wa kielektroniki wa magurudumu manne kama tunaoujua leo uliingia sokoni mwaka 1978, Bosch na Mercedes-Benz walipouweka kwenye gari la kifahari la S-Class. Huko Ulaya watengenezaji walikubaliana kuuweka kwenye magari yote madogo kuanzia 2004. India iliulazimisha kwa magari mapya yote kufikia 2019. Kwa wenzetu hao mnunuzi hana cha kuchagua. Huku kwetu swali bado lipo, hasa kwa pikapu za kazi, hardtop na magari ya bei ya chini, ambayo kampuni ile ile huyatengeneza kwa matoleo tofauti kulingana na soko.

Sasa tulete jambo nyumbani.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapanda mlima wa Kitonga, inapita Iringa, Mafinga, Makambako, inashuka Igawa, inafika Uyole, Mbeya mjini, Mbalizi, inaishia Tunduma. Ni lami mwanzo mwisho, na imebeba malori mazito kwa miaka mingi kiasi kwamba sehemu kadhaa lami imebonyea na kuwa na mifereji miwili ambamo matairi hupita. Mvua ikinyesha mifereji hiyo inajaa maji. Pembeni kuna vijiji vilivyokaa kabisa barabarani: akina mama wanaouza viazi na vitunguu, watoto wanaotoka shule, bodaboda zinazoingia barabarani bila kuangalia nyuma. Kibao cha 50 kipo, na trafiki mwenye tochi huenda yupo, lakini lori lililo nyuma yako halijali sana vitu hivyo.

Fanya hesabu ya fizikia ya kawaida. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, mita 22 zimekwisha hata breki hujaigusa. Kwenye lami nzuri iliyokauka na matairi mazima, breki zenyewe zitahitaji kama mita 32 nyingine. Lami ikilowa, weka mita 50. Lami ikiwa imelowa na ni mteremko wa asilimia 10, zinakuwa zaidi ya 60. Jumla unazungumzia mita 85 hivi kutoka pale ulipomwona mtoto mpaka pale gari linaposimama. Mara nyingi mita 85 hazipo, kwa sababu kona ilikuficha. Mtu aliye kwenye hali hiyo anahitaji kusimama kadiri inavyowezekana na wakati huo huo kulipeleka gari upande ambao hakuna mtu. Gari lisilo na ABS linamlazimisha dereva kuchagua moja: abane breki agonge kilicho mbele, au aachie breki akwepe. Nadharia inasema dereva hodari ataachia kidogo, akwepe, abane tena. Mtu aliyeshtuka hafanyi hivyo. Mtu aliyeshtuka anakanyaga na kuganda.

Kuna hali nyingine ya huku ambayo sijaona muuzaji akiieleza. Unaelekea Mafinga, basi linatoka upande wa pili likiwa limeovateki lori kwenye kona, na upande wako limeuziba. Unasogea pembeni kulipisha. Matairi ya kushoto yanatoka kwenye lami yanaingia kwenye udongo uliolowa wa pembeni, ya kulia yamebaki juu ya lami, na mguu uko kwenye breki. Upande mmoja una mshiko, mwingine hauna. Bila ABS matairi ya kushoto yanajifunga na kuteleza, ya kulia yanashika, na gari linageuka kuelekea kulia, yaani kule kule basi liliko. ABS inadhibiti presha gurudumu kwa gurudumu, na hapo unabaki na gari ambalo bado linaenda mbele, likihitaji marekebisho madogo ya usukani. Kwangu mimi hali hii peke yake inatosha kulipia, kwa sababu kwenye barabara hii si ya mara moja kwa mwaka.

Na pikapu ina tatizo lake ambalo gari dogo halina. Chukua pikapu inayobeba mpunga kutoka Kyela kuja Mbeya. Inapanda imejaa, springi za nyuma zimelala, matairi ya nyuma yameng'ang'ania lami kwa uzito wa magunia. Inashusha mzigo. Inarudi tupu, na kurudi kwenyewe ndiko kwenye mteremko: kutoka Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kupitia Tukuyu, mpaka bondeni karibu na Ziwa Nyasa ambako ni mita 500 hivi. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wa kule juu unaweza kukufuata kilomita nyingi. Kwa hiyo gari linashuka mita 1,500 likiwa tupu nyuma, kwenye lami iliyolowa.

Ukikanyaga breki kwenye mteremko, uzito unahamia mbele. Nyuma ambako hakukuwa na kitu kunakuwa kwepesi zaidi, na matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya yale ya mbele. Gari ambalo nyuma imejifunga na mbele bado inaviringika haliendi moja kwa moja, linazunguka, mkia unataka kutangulia. Watengenezaji walilijua hilo zamani, na kwenye pikapu nyingi waliweka vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima jinsi springi zilivyolala: zikiwa zimelala sana vali inajua kuna mzigo na inaruhusu breki nyingi nyuma, zikiwa zimeinuka inapunguza. Ni kifaa kizuri mpaka pale mwenye gari anapoenda gereji kuongeza majani ya springi ili pikapu ibebe zaidi, jambo ambalo karibu kila mfanyabiashara wa viazi na mbao hulifanya. Springi zikiwa ngumu bodi inakaa juu hata ikiwa na mzigo. Vali inadhani gari ni tupu. Pikapu iliyojaa mbao inashuka mteremko ikiwa na breki pungufu nyuma, na za mbele zinafanya kazi ya zote nne mpaka zinaungua.

ABS za kisasa huja na mfumo mwenzake unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kwa kusoma magurudumu yenyewe yanavyozunguka, bila kujali springi zimekaaje. Ndiyo maana nasema kwa mwenye pikapu tofauti hii ni kubwa kuliko kwa mwenye gari dogo la kwenda ofisini Forest, Mbeya mjini, na kurudi. Ila muulize muuzaji swali moja kabla hujasaini: ABS hii ni ya magurudumu yote manne? Miaka ya 1990 kulikuwa na pikapu zenye ABS ya nyuma peke yake. Hiyo inazuia gari lisizunguke, lakini usukani wako haujaokolewa.

Sasa upande wa pili, na huu wanaoisifia ABS huwa wanaupita haraka.

Kwenye kokoto legevu ABS inarefusha umbali wa kusimama. Sababu yake ni rahisi: tairi lililojifunga juu ya kokoto linachimba na kulundika kokoto mbele yake, na lundo hilo ndilo linalosaidia kulisimamisha gari. ABS inapolizuia tairi lisijifunge, inalizuia pia lisichimbe. Idara ya Marekani inayosimamia usalama wa magari ilipima jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwenye sehemu nyingi walizojaribu, gari lenye ABS lilisimama kwa umbali mfupi zaidi. Kwenye kokoto legevu umbali uliongezeka kwa wastani wa asilimia 27. Yaani pale ambapo ungesimama ndani ya mita 30, sasa unahitaji 38. Hizo nane za ziada ni ng'ombe aliyegongwa.

Barabara ya vumbi iliyojikunja kama mawimbi ina tatizo la aina hiyo hiyo. Gurudumu linarukaruka, kila linapoachana na ardhi breki inalisimamisha mara moja, kompyuta inasoma kwamba limejifunga na inaachia presha. Dereva anahisi gari limekataa kusimama. Shokapu zikiwa zimekufa hali ni mbaya zaidi, na kwenye gari la huku shokapu hazidumu.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mashamba ya miti ndani ya Kilolo au Ludewa, na pikapu unayonunua itaishi kwenye njia za vumbi, ikigusa lami mara chache, faida ya ABS kwako ni ndogo na hasara yake unaiona kila wiki. Sitakulaumu ukiacha. Bado usukani unaubaki nao, na kwenye njia nyembamba yenye bonde upande mmoja usukani una thamani yake, lakini naelewa hesabu inavyokaa. Hardtop na pikapu nyingi za kazi zenye kufuli ya difu, ile inayoyafanya magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, huzima ABS zenyewe difu ya nyuma inapofungwa. Kwenye tope zito la udongo mwekundu wa Njombe swali lenyewe halina maana: pale kinachoamua ni meno ya tairi na gia uliyoingiza kabla ya kuanza kushuka.

Na Kitonga? Watu wengi wakisikia breki wanaiwaza Kitonga, kwa hiyo tuiseme wazi. ABS haisaidii chochote kwa breki zilizochemka. Anayeshuka mteremko mrefu mguu ukiwa juu ya pedali anazipasha moto diski, pedi na mwisho mafuta ya breki yenyewe. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewa, na yanaunyonya hata gari likiwa limeegeshwa, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. DOT 4 inaanza 230 na inaweza kushuka mpaka 155. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama mpaka chini bila kitu. Kompyuta ya ABS haina presha ya kugawa kwa sababu presha haipo. Dawa ya hilo ni kushuka kwa gia ndogo tangu juu, injini ilishike gari, na kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi. Sisemi hili kupunguza thamani ya ABS. Nasema kwa sababu yupo atakayelipia ABS akiamini sasa anaweza kushuka Kitonga kwa gia ya tano.

Imani ya namna hiyo imewahi kupimwa. Jijini Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja, nusu zikiwa na ABS na nusu bila. Ajali za zenye ABS hazikupungua. Waangalizi waliokaa kwenye teksi kama abiria wa kawaida waliona madereva wenye ABS wakiendesha kwa ukali zaidi na kumkaribia zaidi aliye mbele. Usalama ulionunuliwa ulitumika wote kwenye mwendo.

Takwimu za Marekani ni pana zaidi. Tathmini iliyotoka 2009, iliyoangalia miaka mingi ya ajali, iliona ABS ilipunguza ajali zisizo za vifo kwa asilimia 6 kwa magari madogo na asilimia 8 kwa pikapu, vani na magari ya juu. Kwa ajali za vifo, jumla haikubadilika. Waliogongwa kwa miguu walipungua, kugongana kwenye barabara zilizolowa kulipungua, lakini magari yaliyotoka barabarani yenyewe yaliongezeka. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba dereva aliyeshtuka sasa anakunja usukani kwa nguvu akiwa kwenye kasi, na usukani unamsikiliza, kwa hiyo gari linaenda kweli kule alikokunja: mtaroni.

Nazingatia sana takwimu hizo mbili kwa pamoja ninapowaza huku kwetu. Watembea kwa miguu na barabara zilizolowa ndiyo hali yetu hasa. Lakini mitaro na makorongo ya pembeni nayo ni yetu. Ndiyo sababu kama kwenye proforma kuna toleo lenye ABS pamoja na mfumo wa kudhibiti gari lisipoteze mwelekeo, ule ambao taa yake ni kagari kadogo kenye mistari ya kuteleza nyuma yake, hilo ndilo la kukimbilia. Mfumo huo unatumia sensa na pampu zile zile za ABS. Unaongeza uwezo wa kubana gurudumu moja peke yake, hata kama hujagusa breki, ili kulirudisha gari kwenye njia yake linapoanza kuzunguka. Huko ulikowekwa kwa wingi, ajali za vifo za gari moja kutoka barabarani peke yake zilipungua kwa karibu nusu. Kati ya ABS peke yake na ABS yenye mwenzake huyo, nyongeza ya pili ya bei ina faida kubwa kuliko ya kwanza.

Anayelipia ABS anatakiwa pia abadilishe mguu wake. Wengi wetu tulifundishwa kupampu breki: kanyaga, achia, kanyaga, achia, ili tairi lisijifunge. Kwa gari lisilo na ABS ni mafunzo sahihi. Kwa gari lenye nayo ni kuiharibia kazi, kwa sababu kila ukiachia unaitupa presha ambayo kompyuta ingeitumia. Kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, angalia unakotaka kwenda, elekeza gari huko. Jambo litakalokushtua ni pedali yenyewe. ABS inapofanya kazi pedali inatetemeka na kusukuma unyayo kwa nyuma, na chini ya boneti unasikia mlio wa kukwaruza, kama kitu kimekatika. Dereva asiyejua anadhani breki zimevunjika, anaondoa mguu, na ameondoa kila kitu alicholipia. Kwa hiyo gari likifika tu, tafuta uwanja mpana wenye changarawe au nyasi zilizolowa, pasipo na mtu, fika kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kanyaga mpaka chini na ushikilie. Hisi mtetemo ule. Rudia huku unakunja usukani kidogo. Na kama gari litaendeshwa na deiwaka au kijana wako, naye afanye hivyo hivyo kabla hujampa funguo.

Baada ya hapo kinachobaki ni matunzo, na hapa taa ya dashibodi inasema mengi. Weka funguo kwenye ON bila kuwasha injini. Taa ya njano iliyoandikwa ABS lazima iwake, ikae sekunde chache, izimike. Kuwaka kwake ni mfumo kujikagua. Ikibaki imewaka, ABS imejizima yenyewe; breki za kawaida zinaendelea kufanya kazi, ila tairi sasa linaweza kujifunga. Mara nyingi chanzo ni sensa iliyoziba matope au waya uliokatwa na jiwe, si lazima iwe pampu. Kinachonisikitisha ni jinsi baadhi ya mafundi wanavyolimaliza tatizo: wanachomoa taa, au wanaiunganisha na taa nyingine ya dashibodi ili zizimike pamoja. Mteja anaondoka akiamini limepona. Anayenunua gari la mtumba kutoka Japani, ambalo kwa kawaida lilikuja na ABS tangu kiwandani, aanze na kipimo hicho hicho cha funguo. Kama taa haiwaki kabisa pale mwanzoni, kuna mtu aliyeigusa. Na kama utaambiwa pampu imebaipasiwa, mipira ya breki ikaunganishwa moja kwa moja, jua kwamba na ule mgawanyo wa mbele na nyuma umeondoka nayo.

Matairi nayo. ABS inagawa mshiko uliopo, haiongezi mshiko. Kwenye gari jipya hili si tatizo, lakini baada ya miaka miwili au mitatu matairi yatakwisha na kishawishi cha mtumba kitakuja. Angalia namba nne zilizopigwa ubavuni mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT (si ile DOT ya mafuta ya breki): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mengi lakini la umri mkubwa raba yake imekauka, na kwenye lami ya Tukuyu iliyolowa kompyuta bora kuliko zote itabaki inaachia presha tu kwa sababu hakuna cha kushika. Pale ambapo gari linaelea juu ya maji yaliyojaa kwenye ile mifereji ya lami ni hivyo hivyo: hakuna mfumo unaoweza kubana kitu ambacho hakigusi ardhi.

Uamuzi wangu basi. Kama pikapu au gari lako litapita lami ya barabara kuu, au Uyole kwenda Kasumulu, au Makambako kwenda Songea, hata mara moja kwa wiki, lipia. Kama kuna toleo lenye udhibiti wa mwelekeo na fedha inafika kwa kubanabana, lipia hilo. Kama fedha haitoshi, punguza vingine kwenye ile proforma: rimu za aloi, redio ya skrini kubwa, bampa ya mbele ya chuma, turubai, kava za viti. Vyote hivyo vitawekwa baadaye, kimoja kimoja, kwa bei ya maduka ya Mwanjelwa. ABS haiwekwi baadaye. Inahitaji habu zenye ringi zake, sensa nne, nyaya, pampu, mipira ya breki iliyopitishwa kivingine na kompyuta inayolijua gari lile. Hakuna gereji hapa itakayokufungia kwa bei yenye maana. Tofauti hiyo ya bei unailipa mara moja, na pikapu inayotunzwa vizuri huku inafanya kazi miaka 15 na zaidi, ikipita mikononi mwa madereva ambao wengine bado wanasoma shule ya msingi.

Muuzaji akikwambia isiyo na ABS iko yadi, unaondoka nayo kesho, na yenye ABS ni ya kuagiza, itachukua miezi kadhaa: agiza. Mzigo wa msimu mmoja utakodi gari la mwenzako.